Nasoma bila miwani, lakini uzi mweupe unanipotea

Mtu akisikia nimetiwa ndani ya macho lenzi za multifokali, za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, huniuliza swali moja tu: "Sasa waona vizuri?" Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia. Nasoma msahafu bila miwani. Nasoma ujumbe wa simu, bei za dukani na yale maandishi madogo ya kwenye kisanduku cha dawa. Daladala ikiwa bado iko mbali nishaijua ni ya wapi. Lakini nikishika kofia nyeupe jioni, uzi mweupe unaniyeyukia kwenye kitambaa, na usiku kila taa ya njiani imezungukwa na duara la nuru. Yote hayo ni kweli kwa wakati mmoja, kwa macho yale yale. Naandika kwa sababu nilipokuwa katika miezi ya dhiki nilitafuta maelezo ya Kiswahili ya mtu aliyepita njia hii, nikakosa.

Nilisomesha skuli hapa Unguja mpaka nikastaafu, na tangu usichana wangu nashona kofia. Asiyezijua kofia zetu za mkono azifikirie hivi: kitambaa cheupe cha tabaka mbili huchorwa nakshi kwa penseli, nakshi hiyo ikashonwa kwa uzi mweupe, na ndani yake mkatobolewa vitobwe vidogo kwa sindano, kila kimoja kikazungushiwa uzi mpaka kisimame wazi. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Hakuna rangi ya kukuongoza. Jicho linafuata kivuli chembamba ambacho uzi unakiacha juu ya kitambaa, basi. Naitaja kazi hii mapema kwa sababu kabla ya upasuaji hakuna aliyeniuliza mikono yangu inafanya kazi gani, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali lililopaswa kutangulia yote.

Nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya asili ndani ya jicho ilishaingia ukungu na umanjano, na hilo halina matone wala dawa ya kumeza. Dawa yake ni upasuaji. Daktari hufungua tundu lisilofika upana wa milimita 3 ukingoni mwa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, akaivunjavunja lenzi chakavu kwa mawimbi ya sauti, njia iliyoanzishwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967, akaifyonza yote. Kinachobaki ni kile kifuko chembamba kilichokuwa kimeibeba. Humo ndimo inamoingizwa lenzi ya bandia ikiwa imekunjwa, ikajikunjua yenyewe, sehemu yake ya kuonea ikiwa na upana wa milimita 6 hivi. Kazi nzima haichukui muda, na mimi sikusikia maumivu, isipokuwa mwanga mkali na maji yanayotiririka shavuni.

Wazo la kuweka kitu cha kigeni ndani ya jicho lilinitia hofu mpaka niliposoma lilivyoanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza walikuwa wakiumia kwa vipande vya plastiki vya vioo vya ndege zao, vinapasuka na kuwaingia machoni. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vile vinakaa ndani ya jicho na jicho halivikatai. Tarehe 29 Novemba 1949 akampandikizia mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya namna hiyo. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo watu hawahesabiki wanaotembea na lenzi zilizotokana na jaribio lake, na mimi nikiwa mmoja wao namuombea kila la kheri.

Sasa, lenzi za bandia haziko namna moja, na hapa ndipo penye uzito wa haya ninayoyaandika. Lenzi tuliyozaliwa nayo hubadili umbo kila tunapohama kutoka kutazama mbali hadi karibu. Ukishapita miaka 45 hivi inakakamaa, ndiyo maana watu wazima wanasogeza gazeti mbali. Lenzi ya plastiki haibadiliki umbo hivyo. Ile ya kawaida, wanayotiwa wagonjwa walio wengi katika hospitali zetu, ina fokasi moja, yaani umbali mmoja tu inaouchora kwa ukali: unachaguliwa umbali mmoja, mara nyingi wa mbali, na kusoma unavaa miwani. Lenzi ya multifokali imechongwa miduara myembamba, mmoja ndani ya mwengine, inayoigawa nuru: sehemu ikaenda kuchora vitu vya mbali na sehemu vya karibu. Katika lenzi ya fokasi mbili inayogawa sawasawa, takribani asilimia 41 ya nuru huenda mbali, asilimia 41 karibu, na inayobaki, kama asilimia 18, hutawanyika tu ndani ya jicho. Ni kibaba kimoja cha mchele kilichopikiwa nyumba mbili: wote watakula, lakini hakuna atakayeshiba kama angekula peke yake. Zangu mimi ni za fokasi tatu, zinaongeza umbali wa kati, wa kompyuta na meza ya jikoni. Zimetengenezwa kwa ustadi zaidi na upotevu wake ni mdogo, lakini mgawo ni ule ule.

Kwa hiyo unapotazama ushonaji ulio mkononi, ni sehemu tu ya nuru yake inayochora picha kali. Ile sehemu nyengine nayo inafika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haikufutika, ila imefika ikiwa imetawanyika, ikatandaza weupe hafifu juu ya picha. Herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe haidhuriki sana na weupe huo. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unadhurika mno.

Hayo nayaeleza leo kwa utulivu. Wiki za mwanzo sikuwa nayajua. Nilichokijua ni furaha ya rangi. Lenzi ya zamani ilikuwa imeiziba buluu bila mimi kujua, na siku nilipotolewa kifuniko, bahari ya pale Forodhani ilikuwa na buluu niliyoisahau. Nilifungua kabati nikatazama kanga zangu moja moja. Nikasoma jina la kanga iliyotundikwa kambani uani, nikiwa nimeketi barazani. Furaha ile ilikuwa ya kweli na sijaisahau, hata pale mengine yaliponichosha.

Kisha nikashika kofia. Mazoea yangu ya miaka yote ni kuisogeza sindano karibu kabisa na uso. Nikiisogeza, kila kitu kinavurugika. Nikiirudisha nyuma, kwenye umbali wa kama sentimita 40, ukingo wa kitambaa unakuwa mkali, lakini uzi wenyewe hauonekani kuanza wala kuisha. Nilikuwa nafumua nilichokishona jana. Kuna kitobwe kimoja nilikishona mara mbili mahali ambapo hapakuwa na alama, karibu na ukingo wa nakshi, na kilipojitokeza asubuhi kwenye mwanga wa jua nilikaa kimya muda mrefu. Kushona si pesa tu kwangu. Ni saa zangu za jioni na mazungumzo na mashoga zangu. Pia ni zawadi ninazowapa wakwe zangu na wajukuu wakati wa Idi.

Kliniki niliyofanyiwa upasuaji walinipima. "Mama, unasoma mpaka mstari wa mwisho. Namba zako nzuri sana."

"Daktari, herufi zile naziona. Uzi siuoni."

"Utazoea, mama. Inahitaji muda."

Neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake, nitalirudia. Lakini namna lilivyosemwa lilifunga mazungumzo, nikatoka pale nikihisi nimelalamika bure. Wagonjwa wengi wa lenzi hizi wanaishi katika hali hiyo: kipimo kinasema wameshapona, wao wanasema hawaoni sawasawa, na anayeaminiwa ni kipimo. Chati ile ya herufi ilibuniwa na Herman Snellen, daktari wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862. Inapima jambo moja, udogo wa herufi unayoweza kuitambua, nyeusi juu ya nyeupe, kwenye chumba chenye mwanga mzuri. Haipimi weupe juu ya weupe, wala jioni, wala taa ya pikipiki inayokuja mbele yako.

Daktari wa pili niliyemwendea, mwanamama wa makamo asiye na haraka, alinipokea kwa swali: "Bi mkubwa, niambie, ni jambo gani ulikuwa unalifanya na sasa huliwezi?" Nikatoa kofia mkobani. Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda. Kisha akanitundikia chati nyengine ambayo sikuwahi kuiona: herufi zote kubwa, za ukubwa mmoja, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu zinazofuata zimefifia kuliko zilizotangulia, mpaka za mwisho zinakaribia kuwa na weupe wa ubao wenyewe. Ilitengenezwa na Denis Pelli na John Robson na kuchapishwa mwaka 1988. Nilianza kwa kujiamini. Nikafika katikati, nikasita. Herufi zilikuwepo, nilijua zipo kwa kuwa ubao haukuwa umefika mwisho, lakini sikuziona. "Hiyo ndiyo kofia yako," akasema. Sijui kama alitambua alichonipa kwa maneno yale. Tatizo langu lilikuwa limepata kipimo, na likipimwa linaweza kushughulikiwa.

Alikuta mambo mawili mengine. La kwanza macho makavu. Machozi ndiyo uso wa kwanza kabisa ambao nuru inaupitia, na upasuaji huyakausha macho kwa muda, hasa kwa sisi tuliokwisha kukoma hedhi. Jicho lenye lenzi ya kawaida linaweza kuvumilia utando wa machozi uliochanikachanika. Lenye lenzi inayogawa nuru halina ziada ya kupoteza. Alinipa machozi ya bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhia, na kunifundisha kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kila siku. La pili ilikuwa astigmatizimu ndogo, yaani mkunjo wa konea usio sawa pande zote, iliyobaki jicho la kushoto, kiasi ambacho kwa lenzi ya kawaida pengine nisingekihisi. Nawaambia wenzangu: kabla hujakubali kwamba ni kuzoea tu, hakikisha mambo haya mawili yametazamwa. Yanatibika, na mtu hapaswi kuzoea kinachotibika.

Baada ya hapo ndipo kuzoea kunakuja, na kuzoea kwenyewe ni kazi ya ubongo. Jicho linapeleka picha mbili tatu kwa pamoja, kali na zisizo kali, na ubongo unajifunza kuchagua. Mwaka 2017 watafiti wa Coimbra, Ureno, walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za ubongo kwa MRI, mashine ya sumaku, watu waliotiwa lenzi hizi, wiki chache baada ya upasuaji na tena baada ya miezi sita. Mwanzoni, walipotazama vitu huku taa kali ikiwasumbua, sehemu za ubongo zinazohusika na umakini na juhudi zilikuwa zikifanya kazi kwa nguvu. Miezi sita baadaye nguvu ile ilikuwa imeshuka. Niliposoma hilo nilielewa kwa nini wiki za mwanzo nilikuwa nachoka mchana kweupe kama niliyefanya kazi ya jembe, na kuumwa na paji la uso ilhali sikufanya chochote zaidi ya kutazama. Uchovu ule una mwili wake. Familia zinapaswa kulijua hili, kwa sababu mimi wanangu walidhani nimeingiwa na unyonge tu.

Usiku ndio ulikuwa mgumu zaidi. Giza likiingia mboni inapanuka, miduara mingi zaidi ya lenzi inafunguka kwa nuru, na kila taa inavaa duara. Taa za zamani za manjano zina duara jembamba, lakini taa nyeupe kali wanazofunga vijana wa bodaboda zina duara pana na miali. Njia ya Mwanakwerekwe wakati wa magharibi, magari yanakuja na pikipiki zinakatiza, iliniwia nuru tupu isiyo na umbo. Naendesha kigari changu kidogo, na kwa miezi kadhaa jua likichwa nilimpa ufunguo mwanangu, bila mjadala. Ramadhani ilipoingia, taa zote za Darajani na za misikiti zimewashwa, nilikwenda tarawehe kwa miguu nikimshika mjukuu mkono. Yule daktari aliniambia wapo wanaopewa matone ya kubana mboni kwa ajili ya usiku tu. Kwangu miduara ilififia polepole mpaka sikuyahitaji. Haijaondoka. Nikiitafuta ipo. Tofauti ni kwamba siku hizi naweza kwenda na kurudi bila kuitazama, na njia niliyoizoea naiendesha usiku, taratibu. Mvua ikinyesha usiku, siendeshi.

Kuhusu kofia, hakuna aliyenifundisha. Niliyapata mwenyewe kwa kujaribu, na nayaandika kwa ajili ya wenye kushona, kufuma na kudarizi. Kazi ya uzi naifanya asubuhi barazani, jua likiwa upande wa bega la kushoto, kwa sababu mwanga wa ubavuni unaupa uzi kivuli na mwanga wa juu unakiua. Chini ya kitambaa natandika kipande cha kaniki. Weusi wake unajitokeza kwenye kila kitobwe, na hapo weupe unapata mpaka. Nakshi nachora kwa penseli ya buluu inayotoka kwa maji. Na nimenunua miwani ya kusomea ya +1.50, ya kuvaa juu ya lenzi zangu za gharama. Wengine waliona ajabu, mtu aliyelipa aachane na miwani kisha anavaa miwani, lakini hesabu yake ni nyepesi: lenzi zangu zinaona karibu kwa umbali wa sentimita 40, na miwani ile inauleta umbali huo kwenye sentimita 25 hivi, karibu na uso, pale mikono yangu ilipozoea. Kazi ikaongezeka ukubwa, kivuli cha uzi kikarudi. Kasi yangu si ya zamani. Ushonaji wenyewe ni ule ule.

Kuna jambo moja ambalo nataka lisomwe kwa makini na yeyote asiyeridhika na lenzi yake. Muda mrefu baada ya upasuaji, ukungu ulirudi jicho la kulia. Hutokea kwa wengi: kile kifuko kinachoibeba lenzi huota seli kwa nyuma na kupoteza uangavu. Tiba yake ni leza ya YAG, mwale mwembamba wa nuru kali unaofungua tundu dogo nyuma ya kifuko, dakika chache, bila kisu. Kliniki ya kwanza walikuwa tayari kuifanya siku ile ile. Daktari wangu wa pili alinizuia kwanza akaniuliza: "Bi mkubwa, lenzi hii umeikubali? Utaishi nayo?" Sababu ni kwamba lenzi isiyomfaa mtu inaweza kutolewa na kubadilishwa, lakini kifuko kikishatobolewa kwa leza, kuibadilisha kunakuwa kugumu na hatari zaidi. Wapo wanaopigwa leza mapema kwa kutumaini kwamba malalamiko yatakwisha, kumbe malalamiko yalitokana na lenzi yenyewe, na mlango umeshakuwa mzito kufunguka. Niliomba wiki moja ya kufikiri. Nikapima ninachokipata kila siku na ninachokikosa, nikarudi nikamwambia nimeikubali. Leza ikafanyika, ukungu ukaondoka.

Jirani yangu, mshona kofia mwenzangu, alifanyiwa upasuaji kwenye kambi ya macho, lenzi ya kawaida, kwa gharama ndogo sana. Anasoma kwa miwani ya dukani. Usiku taa zake hazina duara, na uzi mweupe anauona jioni kuliko mimi. Nasema hili kwa sababu bei inawadanganya watu. Lenzi ya ghali haimaanishi jicho zima limekuwa bora. Maana yake umenunua uhuru wa kutovaa miwani kwa mambo mengi, na umeulipia kwa pesa na kwa sehemu ya nuru. Mwalimu anayesahihisha madaftari mchana anaweza kuufurahia uhuru huo maisha yake yote. Dereva wa usiku, mvuvi anayetoka alfajiri, fundi wa dhahabu na mshona kofia wanahitaji kuambiwa waziwazi kabla ya kutia saini. Na mwenye ugonjwa wa retina au presha ya jicho, ambaye jicho lake limeshapunguza uwezo wa kutofautisha vivuli, kwa kawaida hashauriwi lenzi hizi.

Dada yangu mkubwa ana kisukari, na mwaka jana mtoto wa jicho ulianza kumziba. Alitaka kama zangu, kwa sababu aliniona nasoma bila miwani na hilo ndilo linaloonekana kwa mtu wa nje. Nilimpeleka kwa yule daktari mwanamama, na kabla hatujaondoka nyumbani nilimwambia achukue mkobani ukili anaousuka. Daktari alipanua mboni, akaitazama retina, akaona alama za kisukari zilizokwisha kuanza. Akauliza anasuka saa ngapi, kwa mwanga gani, nani humsomea dawa zake. Wamekubaliana lenzi ya kawaida ya kuonea mbali, na miwani ya kusukia. Jicho la kwanza linafanywa baada ya Idi, sukari yake ikiwa imetulia.